Shajara ya mradi wa sauti: karatasi 61 kwa dakika sita

Mwezi wa kumi, wiki ya kwanza

Nianze na mradi wenyewe, maana atakayeingia katikati atapotea. Nafundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari hapa Katuba, Lubumbashi. Nina madarasa mawili ya mwaka wa tatu, sehemu ya ualimu: A lina wanafunzi 61, B lina 58. Mwaka huu naandika pia kazi yangu ya mwisho ya chuo, na swali langu ni dogo tu. Kwa nini mtoto aliyesoma Kiingereza miaka yote hii ananakili ukurasa mzima bila kosa, lakini ukimwambia "haya, sema" anaangalia viatu vyake?

Mpango: nawarekodi wote kwa simu, dakika mbili kila mmoja. Kisha A wanapata nusu saa ya ziada ya mazungumzo, wawili wawili, mara mbili kwa wiki. B wanaendelea kama kawaida. Baadaye nawarekodi tena na kulinganisha. Msimamizi wangu wa chuo aliupitisha kwa sharti moja, kila mwanafunzi atie sahihi karatasi ya kukubali. Akanipa mfano wa karatasi hiyo, ukurasa mmoja na nusu, Kifaransa cha mahakamani. Nikapiga fotokopi kwa mfuko wangu, nikaingia darasani Jumanne saa ya pili.

Dakika sita. Nilitazama saa kwa sababu niliogopa somo litaliwa. Zilitoka karatasi 61, zikarudi 61, zote zina sahihi. B walitumia dakika nane, na hizo mbili za ziada ni za kuazimana kalamu.

Nimefurahi siku mbili nzima.

Wiki ya pili

Furaha imekwisha. Jana usiku umeme ulikatika, nikawasha mshumaa nikapanga karatasi kwa alfabeti. Ndipo nikaziona vizuri. Kwenye kona ya juu kulia karibu kila mmoja ameandika majina yake yote matatu, darasa na tarehe, ingawa karatasi haikuomba tarehe pale juu. Wengine wamepiga mstari chini ya jina. Na msichana wa benchi la tatu, upande wa dirisha, amechora kando nzima ya karatasi mstari mwekundu kwa rula, kuanzia juu hadi chini, umenyooka. Ndivyo tunavyowafundisha tangu shule ya msingi. Kando ile ni ya mwalimu kuwekea pointi.

Asubuhi nilimwita nje, nikamuuliza kama alijua ile karatasi ilikuwa ya nini. Akasema ndiyo, Madamu. Ya nini? Akanyamaza, akaangalia viatu vyake. Mwishowe akauliza yeye:

"Madamu, ile karatasi iko na pointi ngapi?"

Walidhani ni interogasio, jaribio la darasani.

Najiuliza ni jambo gani katika mji huu watu 61 hukubaliana kwa dakika sita. Hata kwenye msiba, kuamua nani ataleta maji na nani ataleta makaa, tunakesha.

Wiki ya pili, Ijumaa

Nimesoma upya mambo ambayo chuoni niliyapita haraka kwa sababu nilidhani ni ya madaktari. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zilizotokana na kesi ya madaktari wa Wanazi, zinaanza na jambo hili: mtu akubali kwa hiari yake. Tamko la Helsinki la 1964 ni la waganga. Ripoti ya Belmont ya 1979, kule Marekani, ilikuja baada ya kujulikana kwamba tangu 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila dawa ili watafiti waone ugonjwa unavyokwenda. Haya yote ni damu, sindano, vidonda. Mwalimu mwenye chaki ana uhusiano gani nayo?

Basi kuna hili la mwaka 1939, na tangu nililisoma sijalala vizuri. Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Mwanafunzi aitwaye Mary Tudor anatafuta shahada ya pili, msimamizi wake ni Wendell Johnson, mtu aliyetaka kujua kigugumizi kinatoka wapi. Wanakwenda kwenye nyumba ya yatima mjini Davenport, wanachukua watoto 22. Baadhi yao wanazungumza vizuri tu, hawana tatizo. Hao wanaambiwa mara kwa mara kwamba wana dalili za kigugumizi, wajichunge, wasiseme kama hawana hakika ya kusema sawasawa. Watoto wakaanza kunyamaza. Baadhi wakawa wanajibu kwa neno moja tu. Tudor mwenyewe alirudi baadaye kujaribu kuwatengeneza. Chuo kiliomba radhi mwaka 2001, miaka zaidi ya 60 imepita.

Nimelisoma mara tatu. Kwanza kwa sababu Tudor alikuwa kama mimi, mtu wa kazi ya chuo na msimamizi wake. Pili kwa sababu ya ile dawa waliyotumia kuwanyamazisha watoto, yaani kuwaambia kila siku "unasema vibaya". Mimi hulipwa kwa hiyo.

Karatasi zote 119 nimezifunga kwa kamba, nimeziweka juu ya kabati. Sitazihesabu kuwa kukubali.

Wiki ya nne

Karatasi mpya lazima iwe ya Kiswahili. Swali likaja palepale: Kiswahili gani?

Niliandika kwanza kile cha vitabuni. "Natoa ridhaa yangu ya kushiriki." Nikampelekea yaya, dada yangu mkubwa, anayeuza samaki wakavu soko la Kenya (Kenya ni komini, yaani sehemu ya mji wa hapa, jirani yetu, si nchi, wageni huchanganyikiwa kila mara). Alisoma kwa sauti, akasimama kwenye neno la pili.

"Huyu Ridhaa ni nani?"

"Si mtu, yaya. Maana yake kukubali."

"Basi andika: unaitika ao hapana."

Yuko sawa, mji mzima unasema hivyo. Hapa mtu akikubali jambo anaitika. Lakini nilipofika nyumbani lile neno lilinikwama. Kuitika ndilo jambo la kwanza tunalomfundisha mtoto: mkubwa akikuita, unaitika. Hakuna mama hapa Katuba anayemwita mtoto mara mbili bila kuuliza kama masikio yamekufa. Kwa hiyo ukimuuliza mwanafunzi wako "unaitika?", umeshamwita, na jibu ameshafundishwa kabla hajajua kutembea. Wale 61 waliitikia wito. Sijui hata kama walipewa nafasi ya kufanya kingine.

Nikafuta. Karatasi mpya ina mistari minane, na ule wa kwanza, kwa herufi kubwa, unasema: UNAWEZA KUSEMA HAPANA NA HAKUNA KITU KITAKUPATA. Unaofuata unasema haina pointi. Msimamizi anasema nimeanza na mkia. Nimemwacha aseme.

Mstari hautoshi, najua. Mwalimu anayeshika buletini yako, ile karatasi ya matokeo, akikuambia "kuwa huru", utamwamini? Kwa hiyo nimejitoa. Mwalimu wa jiografia, ambaye hafundishi madarasa haya mawili, ataingia badala yangu. Kila mtu anapewa kipande chenye jina lake, anaandika neno moja, anakunja mara mbili. Vipande vinakwenda kwenye bahasha, bahasha inakaa kwake nyumbani hadi pointi za muhula zimeshaandikwa kwenye buletini na prefe, mkuu wa shule, ametia muhuri. Mimi nitajua idadi tu.

Na siku ya kurekodi, wote wanaingia kwenye chumba cha vitabu, mmoja mmoja, wote wanazungumza dakika mbili, maana ni zoezi la darasa na linamfaa kila mtu. Kitufe cha simu kinabonyezwa au hakibonyezwi, anajua mwanafunzi na mwalimu wa jiografia. Aliyeko nje kwenye foleni hawezi kutofautisha. Simu ni ile yangu ya zamani, nimetoa kadi, haina intaneti.

Mwezi wa kumi na moja, wiki ya kwanza

Mvua zimeanza, bati linalia, nusu ya somo ni kupiga kelele tu.

Idadi imefika. A: 44 wamekubali, 17 wamekataa. B: 39 wamekubali, 19 wamekataa. Wanafunzi 36 waliokuwa wamenitilia sahihi mwezi uliopita hawakutaka.

Mwalimu wa jiografia aliniambia jambo moja bila kutaja jina. Kati ya wale waliokataa, mmoja hakuandika neno moja kama alivyoambiwa. Aliandika kwa Kiingereza, bila kosa hata moja: *No, thank you, Madam.* Miezi miwili nawasukuma waniambie sentensi moja ya kwao wenyewe. Nilicheka peke yangu njia yote hadi nyumbani.

Wiki ya pili

Mkutano wa wazazi. Watoto wengi wana miaka 16 na 17, kwa hiyo neno la mtoto peke yake halitoshi. Nilieleza kwa dakika kumi, nikadhani nimeeleza vizuri. Akasimama baba mmoja, dereva wa malori ya barabara ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia. Nayaandika maneno yake kama alivyosema:

"Hapa batu banakuyaka, banabeba bulongo mu mifuko, banasema ni ya kupima. Tunangoja. Hakuna mutu anarudiaka kusema ile bulongo ilikuwa na nini. Sasa sauti ya mutoto wangu, Madamu, unaipeleka wapi?"

Chumba kizima kikasema eee. Kila mtu hapa ameona mifuko ile ya sampuli za watafuta madini, udongo umewekwa alama kwa rangi, unapakiwa kwenye gari nyeupe. Sikuwa na jibu lililotayarishwa. Nilisema ukweli: inakwenda kwangu, kisha kwa msimamizi, kisha inakuwa kurasa ambazo zitakaa kwenye kabati la chuo. Akauliza, kwa lugha gani? Kiingereza, nikasema. Akakaa chini bila kusema kitu, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angenitukana.

Baada ya soda tuliafikiana mambo mawili. Kabla shule haijafungwa nitarudi kwenye chumba kilekile kueleza nilichokiona, kwa Kiswahili, wazazi wakiwepo. Na sauti zitafutwa mbele ya kamati ya wazazi, siku itakayotangazwa. Hata hivyo wazazi 12 wamekataa, na wote ni wazazi wa watoto waliokuwa wamekubali. Zimebaki sauti 71.

Mama mmoja alinifuata hadi mlangoni. Hakutaka kujua habari za sauti. Alitaka kujua ni lini binti yake atasema Kiingereza cha kupata kazi mgodini. Wanaosikia redio wanajua kwamba tangu 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Zambia iko hapo mlangoni, Rwanda walibadilisha shule zao kwenda Kiingereza kuanzia uamuzi wa 2008. Kila mzazi ana hesabu yake kichwani. Nilimwambia "polepole, mama". Jibu la woga.

Wiki ya tatu

Nataja na hili, kwa kuwa nimeahidi kuandika yote. Jioni nafundisha kwenye kituo kimoja mjini, na kituo hicho kimetundika bango: utasema Kiingereza ndani ya miezi mitatu. Tufanye hesabu. Siku tatu kwa wiki, saa moja na nusu, wiki 13: saa 58 na nusu. Makadirio ya Cambridge, wenye mitihani ya Kiingereza, yanasema mtu huhitaji saa kama 180 hadi 200 za kufundishwa kufika A2, yaani ngazi ya kujinunulia tikiti na kuuliza njia, na 350 hadi 400 kufika B1, ngazi inayofuata. Bango letu linauza theluthi ya ngazi ya tikiti kwa jina la kazi ya ofisi.

Nilimweleza mwenye kituo. Akasema wateja wanajua ni bango. Bado nafundisha pale. Kodi ya nyumba haisubiri dhamiri. Nimeanza tu kuwaambia wanafunzi wapya zile saa, siku ya kwanza, kabla hawajalipa sehemu ya pili. Wawili wameondoka. Mwenye kituo hajajua sababu.

Wiki ya nne

Sasa suala la A na B. Nilikuwa nimeliona ni la takwimu tu: kundi moja linapata, jingine halipati, unalinganisha. Mwalimu wa jiografia, ambaye sasa amekuwa mtu wangu wa kunisumbua, aliuliza kitu kimoja: "Mwakani wote wanakaa kwenye mtihani wa taifa. Wa B wakikuuliza kwa nini wenzao walipewa, utawaambia nini? Kwamba herufi yao ilikuwa B?"

Nikajitetea. Nikasema sijui kama mazungumzo ya wawili wawili yanasaidia, ndiyo maana napima. Kama sijui, simnyimi mtu kitu. Hoja hiyo ni nzuri na wataalamu huitumia. Lakini kusema kweli ninaamini yanasaidia, la sivyo nisingechagua mradi huu.

Tumebadilisha. A wanaanza, wiki sita, kisha zamu inageuka, B wanapata wiki sita zilezile na A wanarudi kwenye kawaida. Narekodi mara tatu badala ya mbili. Hesabu inakuwa ngumu zaidi, maana A hawawezi kusahau walichokwisha jifunza, na msimamizi amekunja uso. Amekubali.

Mwezi wa pili, wiki ya pili

Likizo, mitihani ya muhula, kisha buletini zimetoka na muhuri umewekwa. Bahasha imefunguliwa. Nimeanza kusikiliza.

Na nimekosea. Naandika bila kujipaka sukari.

Nilikuwa chumba cha walimu, simu mezani, nasikiliza sauti namba 23. Mwenzangu mmoja akaomba asikie. Nilipaswa kukataa. Nikaweka sauti juu. Ilikuwa ya msichana anayesema anataka kuwa muuguzi, na katika kila "think" anasema "sink", kama wengi wetu tuliolelewa na Kifaransa, mimi nikiwemo nikichoka. Mwenzangu akacheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini alirudia ile sentensi kwa sauti nyembamba, na wawili wengine wakacheka naye. Nami nikatabasamu. Hilo tabasamu ndilo linaloniuma.

Mlango ulikuwa wazi. Msichana wa mstari mwekundu alikuwa amesimama pale, ametumwa kuchukua chaki. Namba 23 ni yeye.

Alichukua chaki, akasema asante, akaenda.

Siku iliyofuata

Nilimwita na kumwomba msamaha. Nilimwambia kwamba niliahidi sauti yake haitasikika nje, na nimeivunja ahadi, na kwamba ana haki ya kuniambia niifute saa hii. Mwalimu kumwomba mwanafunzi msamaha hapa kwetu ni kitu kigeni. Alikuwa na haya kuliko mimi.

Akasema: "Naweza kuisikia?"

Tulikaa kwenye benchi chini ya mwembe, nikampa kisikilizi kimoja cha sikioni. Alisikiliza mara mbili, uso umekaza. Hajawahi kujisikia akisema Kiingereza. Alipofika kwenye ile "sink" alisimamisha mwenyewe, akarudisha nyuma, akasikiliza tena, kisha akajaribu chini chini, ulimi kati ya meno, mara tano, sita. Sikusema kitu. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilishika mdomo mbele ya kosa.

"Ikae," akasema. "Lakini nitafanya ingine, uweke zote mbili."

Kwa hiyo sasa katika kanuni nilizojiwekea za mradi huu kuna ya sita: kila aliyekubali ana haki ya kusikia sauti yake kabla sijaitumia. Nashangaa haikuwa ya kwanza. Inakula muda mno, dakika tano kwa kila mtu mara 71, na simu inaisha chaji. Lakini vijana wanakuja wenyewe wakati wa mapumziko, wanapanga foleni. Kanuni ya tano haihitaji maelezo: simu haifunguliwi chumba cha walimu.

Mwezi wa tatu, wiki ya kwanza

Zamu imegeuka, B wanaendelea na mazungumzo. Naenda haraka hapa, hakuna la ajabu. Vijana wa B wanapiga kelele kuliko A na wanapenda zaidi kubishana habari za mpira.

Wiki ya tatu

Kitabu chetu kina zoezi la wakati uliopita: andika sentensi tano kuhusu safari uliyofanya. Zoezi la amani kabisa. Nimelitoa kila mwaka. Watu huandika habari za Likasi kwa shangazi, Kolwezi kwenye harusi.

Nina kijana wa B aliyefika kutoka Goma baada ya vita kuingia mji ule Januari 2025. Ni mpole, anakaa nyuma. Ameandika sentensi tatu tu. Ya kwanza: *We runned in the night.* Ya pili: *My uncle not runned.* Ya tatu sitaiandika hapa.

Nilikuwa na rundo la kaye 58, yaani madaftari, ni saa nne usiku, mkono unajiendea wenyewe. Nikakata *runned*, nikaandika *ran* juu yake. Nikakata *not runned*, nikaandika *did not run*. Kalamu nyekundu. Nikaweka pointi 3 juu ya 5 pembeni. Nikafungua kaye nyingine. Nilikuwa nimeshasahihisha mbili zaidi ndipo nilichokisoma kikanifikia.

Nikatafuta ile kaye tena. Niliitazama muda mrefu. Mjomba wake hakukimbia, na mimi nimeweka alama nyekundu juu ya hilo, na nimemnyima pointi mbili.

Halafu, na hili nalo niliandike, akili ya mtafiti ikaamka. *Runned* ni kosa zuri sana. Maana yake kijana ameielewa kanuni ya *-ed* ya wakati uliopita na anaitumia kila mahali, hata pasipo pake. Watoto waliozaliwa na Kiingereza nao hupita hapohapo. Ingekaa vizuri katika sura yangu ya tatu, mfano namba 9. Amekubali kushiriki, mzazi mlezi amekubali, karatasi zote zimetimia. Hakuna kanuni kati ya zangu sita inayonizuia.

Nilikaa nayo siku nne. Nimeona kwamba alikubali sauti ya dakika mbili kuhusu kazi anayoitaka, hakukubali usiku ule. Ningeweza kumwomba. Lakini kumwomba ni kumwita, naye ataitika.

Nimebandika kipande cha karatasi nyeupe juu ya pointi. Chini nimeandika kwa Kiswahili: nimesoma, pole sana, Kiingereza tutakiona siku nyingine. Zoezi la safari nimelitoa kwenye mpango. Sasa ni: eleza jinsi ya kupika kitu unachokijua. Nimepata bukari (ugali) 22, sombe (kisamvu) 9, na kijana mmoja aliyepika vinkubala, wale viwavi wa kuliwa, kwa ufundi hadi nikaona njaa. Yule wa Goma amepika maharagwe, sentensi saba.

Mwezi wa nne

Sikuwa nimetarajia suala hili. Nilikuwa nawaeleza A kwamba katika kazi yangu hakuna jina litakaloonekana, ni namba tu, ili kuwalinda. Mkono ukainuka benchi la tatu.

"Madamu, mimi nataka jina langu liandikwe."

Wengine wanane wakasema nao pia. Nikaanza kueleza habari za usiri, wakanisikiliza kwa adabu ile ya watu ambao hawajashawishika. Mmoja akauliza, na kitabu jina la nani litaandikwa juu? Langu, nikasema. Kimya.

Mji huu una kumbukumbu yake juu ya jambo hilo. Mwaka 1965 André Yav, mtu wa kazi za nyumbani kwa wazungu, aliandika historia ya Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, kwa Kiswahili cha hapahapa, jinsi watumishi walivyoiona. Mtaalamu wa kigeni aliyekuwa amefundisha chuoni hapa, Johannes Fabian, alikuja kuichapisha mwaka 1990, nje ya nchi. Tungemfanya Yav kuwa "mtumishi namba 4" tungekuwa tumemlinda vizuri sana, na leo hakuna ambaye angejua alikuwepo.

Lakini Yav alikuwa mtu mzima na aliyoyaandika aliyaandika ili yasomwe. Hawa wana miaka 16, na ninachochapisha ni makosa yao. Nani atawaajiri mgodini akisoma "sink" mara 11 chini ya jina kamili? Nilipowaambia hivyo, namba 23 alijibu kwamba katika sauti ya tatu hajasema "sink" hata mara moja. Nimekwenda kusikiliza. Amesema mara moja, mwishoni, alipokuwa anaharakisha.

Nimeamua nusu: katika mifano ni namba, na kwenye ukurasa wa shukrani ni majina ya wanaotaka, bila kuonyesha nani ni namba ipi. Yaya anasema ni ujanja wa mwanasiasa. Huenda.

Mwezi wa tano, wiki ya kwanza

Baridi imeingia, vumbi nalo. Sauti zilizobaki, baada ya waliohama na watatu waliobadili nia baada ya kusikia sauti zao: 64. Msimamizi ametuma ujumbe. Anasema mpango ulikuwa wa wanafunzi 119, kwamba kwa 64 jedwali halitasimama, na ananiuliza kwa nini nisitumie wote wakati anakumbuka nilimwonyesha sahihi kamili, madarasa yote mawili, mwezi wa kumi.

Zipo. Ziko juu ya kabati, zimefungwa kwa kamba.

Alhamisi saa nne naenda kumwona. Mkutano wa wazazi ni Jumamosi inayofuata, na yule dereva ameshatuma salamu kwamba hatasafiri siku hiyo. Nimeishusha ile bunda, nimeipangusa vumbi, nimechomoa karatasi moja, ile yenye mstari mwekundu. Nitaiweka mezani kwake kabla sijaketi, nimuulize ni pointi ngapi.